Barua ya Atupele

Barua ilikuwa chini ya kopo la Septrini, imekunjwa mara nne, kavu kabisa. Twalib aliichoma Jumapili kwa mkono wake mwenyewe. Aliitia kwenye jiko la mkaa akakoroga majivu kwa mwiko. Leo Jumanne, saa nne asubuhi, mvua inapiga bati, na barua hii hapa.

"Mama Lulu, nani kafungua duka?"

"Funguo si unalala nazo wewe?" mkewe Biubwa alijibu kutoka uani.

Huyu Twalib ngoja niwaeleze, maana Tukuyu walimpenda kupita kiasi. Alikuwa fundi cherehani kama baba yake, na babu yake aliyetoka pwani. Serikali ilipoachia biashara, mitumba ikamwagika, nani tena angeshonesha suruali? Fundi akahudhuria semina ya wiki mbili, akafungua duka la dawa, na cherehani ikafanya kazi yake ya mwisho: alijishonea koti jeupe. Basi! Kuanzia siku hiyo ni Dakta. Dakta shikamoo, Dakta mtoto anaharisha. Biubwa peke yake hakuwahi kumwita hivyo, kwa sababu vifungo vya lile koti alivitia yeye.

Atupele alikuja siku ya soko. Alikuwa mama wa kijiji cha Kyimo, mkulima wa chai. Mimba ilimharibikia ikaacha saratani kwenye kizazi, na huko Dar es Salaam alikopelekwa walimpa vidonge vidogo vya njano vya kuipiga saratani hiyo, pamoja na barua. Siku hiyo alikuwa na homa na kikohozi. Duka limejaa, na ugonjwa wenyewe ni wa kutajwa mbele za watu? Akaisogeza barua juu ya kaunta, akanong'ona, "Dakta, wamesema kila atakayenitibu aisome kwanza."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Twalib kiliishia kwenye majina ya dawa. Watu wanamtazama. Akapitisha macho juu mpaka chini, akakunja uso, akasema, "Sawa, sawa. Nimeelewa." Kisha akamfungia vidonge ishirini vya Septrini.

"Ndaga fijo, Dakta," Atupele alimshukuru kwa Kinyakyusa, akaondoka. Barua aliiacha palepale.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, Nesi Beatrice aliingia kununua pamba.

"Dakta, hujasikia? Yule dada wa Kyimo tumempoteza. Kinywa kizima vidonda, fizi zinatoka damu, hata maji hamezi. Kuna mtu kampa Septrini juu ya dawa yake ya saratani! Zile mbili hazikai pamoja. Septrini inaizuia ile nyingine isitoke mwilini, zinashirikiana kuharibu, mifupa inaacha kutengeneza damu. Na barua alikuwa nayo, ndugu zake wametuambia, inakataza kabisa. Sijui haikusomwa?"

"Watu wengine, sista, hawana huruma," alisema Twalib. Loh! Alisema hivyo, na koti kalivaa. Kesho yake ndipo alipoichoma barua.

Iliporudi Jumanne akaichoma tena. Jumatano ikarudi, na safari hii ilikuja na harufu, ile harufu ya kinywa cha mgonjwa aliyelala siku nyingi. Alhamisi, mchana, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, alisikia mtu akikohoa upande wa pili wa kaunta, akainua macho asione mtu, ila kwenye kioo cha kabati la dawa, karibu kabisa na uso wake, palikuwa na mvuke wa pumzi, unafifia na kurudi, unafifia na kurudi, wa mtu aliyesimama kwa adabu akisubiri ahudumiwe.

Ijumaa Biubwa alishindwa kula. Midomo ilipasuka, ulimi ukawa vidonda vitupu. Hospitali walimpima damu wakasema hawaoni kitu. Siku ya tano hata uji haupiti, ndipo alipomgeukia mumewe akamwita kwa sauti isiyokuwa yake.

"Dakta."

"Mama Lulu, usiniite hivyo."

"Soma, Dakta."

Majirani wakamleta Mwalimu Mudathiri, mtoa majini, kutoka Mbeya. Akafukiza ubani, akasoma, majirani wamejaa sebuleni mpaka barazani, na jini akapanda.

"Umetumwa au umekuja mwenyewe?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeitwa."

"Kakuita nani?"

"Aliyesema ameelewa."

"Unataka nini umwache huyu mama? Marashi? Mbuzi?"

"Mbuzi wa nini? Asome." Mkono wa Biubwa ukatoka chini ya kanga, na barua imo mkononi. "Aisome mbele za watu, au aseme kwa nini hasomi. Nitatoka."

"Mume, soma au sema," Mwalimu alinong'ona. "Mkeo anakwisha."

Yalitakiwa maneno matatu tu: sijui kusoma Kiingereza. Twalib aliishika barua, akawatazama wale waliomwamkia Dakta asubuhi na jioni, wazee aliowapa dawa ya mgongo, akina mama aliowapimia dawa za watoto wao, akaona namna nyuso zile zitakavyogeuka, akamwona na mkewe anavyohema kwa kinywa wazi kwa sababu midomo haiwezi kugusana, kisha akaikunjua barua.

"Inasema... mgonjwa ana kikohozi. Apewe Septrini, kutwa mara mbili."

Biubwa alicheka taratibu, akalala.

"Alhamdulillahi!" majirani wakapumua. "Kumbe Dakta wetu hana kosa."

Mwalimu Mudathiri alikusanya vitu vyake bila kumpa mkono. "Huyu katoka upesi mno," alisema. "Sijapenda."

Asubuhi Biubwa aliamka mwenyewe, akanywa uji bakuli zima. Midomo ilikuwa imeanza kukauka. Twalib alikaa mbele yake, furaha na fedheha zimemjaa kifua kimoja, hajui alie au acheke. Kisha Biubwa akainua bakuli. Chini yake palikuwa na barua.

"Baba Lulu, nisomee tena. Jana ulisoma vizuri."

"Inasema... apewe Septrini, kutwa mara tatu..."

"Jana ulisema mara mbili."

Twalib akapiga magoti. "Sijui kusoma Kiingereza, mke wangu. Siku ile sikujua, na leo sijui. Niliona haya mbele za watu."

Biubwa alimtazama kwa huruma. Lakini aliyejibu kwa kinywa chake alikuwa Atupele, na kikohozi kilekile.

"Si ungeniambia tu, Dakta? Hospitali ni hapo juu tu. Ningepanda." Damu ikaanza kutoka kwenye fizi za Biubwa. "Sasa waambie na wao."

Mlango wa duka ukagongwa.

"Dakta! Dakta, upo? Mama kaandikiwa karatasi ya Kiingereza hospitali, naomba unisomee!"

Twalib alimtazama mkewe. Damu ilikuwa imefika kidevuni. Akajifuta machozi, akavaa koti, akafunga vifungo vyote vitano.

"Nipo," akasema. "Lete niione."