Kilichosimama Nyuma ya Allal

Doa lilikuwa dogo kama kucha. Ghita alidhani ni uchafu wa karatasi, akalisugua kwa kidole. Halikutoka.

Ilikuwa adhuhuri, lakini alikuwa amejifungia gizani, katika stoo ya nyumba yao, mjini Safi, pwani ya Moroko, aliyoigeuza chumba cha kusafishia picha. Chini ya taa nyekundu, uso wa baba yake ulikuwa umeibuka ndani ya dawa, kila kunyanzi na kila unywele wa ndevu ukionekana. Nyuma yake bahari ilikuwa imeyeyuka, kijivu laini kama maziwa. Ndivyo Ghita alivyopenda. Alikuwa akifungua tundu la lenzi mpaka mwisho na kumlenga mzee peke yake, na vyote vya nyuma vikageuka ukungu. Picha arobaini za namna hiyo, nyeusi na nyeupe, zilikuwa zikingojewa Rabat kwa maonyesho yake ya kwanza.

Ndani ya ukungu ule, mbali juu ya mawe, kilisimama kitu kirefu cheusi.

Kesho yake alimpiga mzee picha tena palepale. Kitu kilikuwa kimesogea. Siku ya tatu kilifika hatua kumi nyuma ya mzee, kina mabega, hakina shingo.

Kisha stoo ikaanza kunuka. Dawa Ghita aliijua. Hii ilikuwa harufu ya sardini waliosahaulika juani hadi matumbo yakapasuka. Akasugua trei za dawa kwa sabuni na maji ya moto. Asubuhi akazikuta zina utelezi wa kuvutika kama kamasi, magamba yamegandia pembeni, na kidole chake kilipozama humo kilitoka kimefungwa uzi mrefu wa ute uliokuwa na joto, joto la kinywa cha mtu. Akatapika palepale.

Alimfuata baba yake uani. Mzee Allal, aliyekata vichwa vya sardini kiwandani miaka thelathini, alikuwa anakunywa chai.

"Baba, kule kwenye mawe, kuna mtu huwa anasimama nyuma yako?"

"Mtu gani? Wewe piga picha zako."

"Baba!"

Mzee akaweka glasi chini, akashusha sauti. "Ananipumulia shingoni tangu Jumatatu."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa na furaha, mwanangu. Tangu afe mama yako sijakuona hivyo."

Ijumaa, baada ya swala, Ghita alipakua kuskusi, akaita, hakuitikiwa. Akaingia jikoni, akamkuta baba yake amechuchumaa kwenye ndoo ya taka, mikono imezama hadi viwiko, anatafuna matumbo ya samaki ya juzi, maji meusi yanamchuruzika ndevuni, na funza mmoja mweupe anapanda taratibu kwenye mdomo wake wa juu, na mzee anamtazama binti yake huku akitabasamu tabasamu pana lisilokuwa lake, kisha anatoa ulimi na kumlamba yule funza.

Ghita alikimbia bila viatu hadi kwa jirani yao, Lalla Tamou, mwanamke aliyezoea kusema na majini.

Lalla Tamou alifika na ubani mweusi, akanusa mlangoni, akatema mate. "Mchafu huyu. Wa baharini." Akazitazama picha moja moja. "Hukaa pale jicho linapopita bila kutua. Na wewe, binti, umemjengea nyumba. Picha arobaini!"

"Nifanye nini, mama?"

"Mtazame kwa hicho chombo chako. Atakuwa hana pa kujificha. Ukimaliza, usiusafishe huo mkanda wa picha. Utupe baharini."

Jumamosi mchana walimkalisha mzee kwenye jiwe lake. Ghita alibana tundu la lenzi hadi likawa kama ncha ya sindano, ili karibu na mbali vyote vionekane vizuri. Akachungulia. Mawe, povu, ndege, mstari wa mbali wa bahari, vyote vilikuwa wazi. Hakukuwa na kitu.

"Hayupo," alinong'ona.

"Yupo. Nanusa," Lalla Tamou akajibu, amejiziba pua kwa shela.

Ghita akaelewa: kilionekana ndani ya ukungu tu. Akafungua tundu mpaka mwisho. Bahari ikayeyuka, na lile jeusi likawa limeshamkumbatia mzee mabegani. Akaanza kuzungusha pete ya lenzi ili alenge nyuma ya mzee, na kila pete iliposogea kidogo uso wa baba yake ulizidi kufifia, ndevu zikapotea, macho yakapotea, akabaki kama moshi, na nyuma yake kikajichora kile kitu, ngozi iliyovimba kama ya maiti ya majini, vinywa vidogo vimejaa kifuani vikifumba na kufumbua, usaha ukichuruzika toka kimoja hadi kingine, na pale pa uso, palipokuwa patupu, ngozi ikapasuka sehemu mbili ikatoa macho mawili yenye majimaji, mapya. Akabonyeza.

Mzee akaanguka kifudifudi. Alitapika donge la magamba, nywele na matumbo, likafurukuta mchangani kisha likatulia. Lalla Tamou akalifukizia ubani, akalisukumia majini kwa fimbo. Uvundo ukakatika papo hapo. Ghita akauchomoa mkanda, akautupa baharini vilevile.

Akamwinua baba yake, akamfuta mdomo kwa kanzu yake mwenyewe. Mzee alikuwa analia, na sauti ilikuwa yake.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, baba. Ameondoka."

"Ana macho?"

Ghita akaitikia kwa kichwa.

"Hakuwa nayo," mzee akanong'ona, akimshika mkono kwa nguvu. "Wiki nzima alikuwa akinipapasa uso ili anijue. Macho umempa wewe."