Kijumba cha Chini Kilichogoma Kuwaka

Taa zote ziliwaka, isipokuwa za kijumba kimoja.

Chaji, fundi simu, alikuwa ameipiga misumari rafu ya gemu zake kwa mikono yake mwenyewe, akaisimamisha kwenye pembe ya sebule, na jioni hiyo akabandika mkanda wa taa nyuma ya kila kijumba cha rafu hiyo. Alipobonyeza rimoti, wee! Kaseti na mashine za zamani ziling'aa bluu tupu. Ila kile kijumba cha chini, kilichobanana na ukuta, kilibaki cheusi tii.

Akapima, umeme unapita. Akabadilisha kipande kizima, wapi! Alipoingiza mkono, vidole vikapata baridi, na ikamjia harufu ya nywele zilizoungua.

"Si uache tu?" mkewe akamwambia kutoka kwenye kochi. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza kufika huko baada ya nyingine kuharibika, na kwa ajili yake Chaji siku hizi hata mlango alikuwa anaufunga taratibu. "Kimoja kisipowaka utakufa?"

"Nitakufa," akajibu, wakacheka wote.

Mtu mwingine angeacha kweli. Lakini fundi simu ukimwonyesha kitu kinachogoma, ni sawa na kumtukania mama yake. Chaji akaongeza mkanda juu ya mkanda, akatandika karatasi ya kung'aa nyuma, akapandisha mwanga mpaka mwisho. Kijumba kikawaka. Hapohapo kitu kikashusha pumzi ndefu, kikampita miguuni, kikaingia chini ya kochi.

Kuanzia hapo, kukiingia magharibi, kochi lilikwaruzwa kwa chini. Chaji, roho mkononi, akabandika taa huko. Mikwaruzo ikahamia kabatini, akawasha kabatini. Ikahamia uvunguni mwa kitanda, akawasha na huko.

"Namfukuza huyu, ngoja uone," akajigamba.

Na kweli nyumba ikatulia. Ila mkewe akaanza kutetemeka kwa baridi mchana wa jua kali, mtoto tumboni akawa anageuka na kugeuka bila kupumzika, na mama mtu kila akipiga mwayo, ile harufu ya nywele ikatoka kinywani mwake. Chaji aliogopa mpaka akashindwa kula. Akamwita mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mtoa majini.

Yule mama akazunguka vyumba vyote, akitazama taa.

"Mwanangu, nani kakutuma haya?"

"Nilitaka atoke, mama."

"Atoke aende wapi? Alikuwa kwake, kajikalia kwenye giza lake, hana neno na mtu. Umemwashia pembeni, umemwashia kochini, kabatini, uvunguni. Haya niambie, humu ndani giza limebaki wapi?"

Mkewe akalifunika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Zima," yule mama akanong'ona. "Zima zote, arudi kwake."

Chaji akakimbilia swichi kuu. Giza likaanguka, na ndani ya giza lile akamshika mkewe mkono, akausikia ukizidi kuwa wa baridi, akasikia kitu kikiteleza juu ya mkeka polepole, kizito, kikisimama, kikiendelea tena, kikipita karibu na kisigino chake, mpaka mbao za rafu zikalia kwa uzito na kila kitu kikanyamaza.

"Kimetoka," mkewe akasema. "Mume wangu, kimetoka! Nimekuwa mwepesi." Chaji akaangua kilio cha furaha.

"Mwepesi vipi?" yule mama akauliza.

Mkewe akapapasa tumbo lake. Akapapasa tena, kwa haraka zaidi.

Kule pembeni, kwenye kijumba cha chini, kichanga kikaanza kulia.