Kuzimia Kanisani, Kuzimia Uwanjani

Jumapili moja binti yangu Kalolaine alizimia kanisani kwaya ikiimba. Waimbaji wenzake, badala ya kumlaza, walimbana katikati yao asimame, wimbo usikatike. Midomo yake ikazidi kupauka.

Kabla hatujafika nyumbani, nusu ya kijiji ilishajua ana mimba. Watu wana maneno! Nami, nakiri, nilimtazama tumbo.

Jumatatu nikamburuta hadi zahanati yetu ya hapa kisiwani Vava'u, Tonga. Kaka yake Semisi, mcheza raga wa miaka ishirini na moja, akatufuata ili amcheke.

Nesi Fusi alimpima mkojo, kisha akaanza maswali. Ulikuwa umesimama? Saa nzima, bila kukunja magoti. Ulikula? Hapana, alikuwa akingoja chakula cha baada ya ibada. Maji? Hata tone. Joto lilikuwa kali, na mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima la kanisani, alikuwa ameufunga ukambana kweli. Kabla ya kuanguka alitoka jasho, akasikia kichefuchefu, macho yakaingia giza.

"Hana mimba," Fusi akasema. "Damu haikufika vizuri kichwani. Ale, anywe maji, alegeze mkeka, achezeshe miguu. Akiona giza tena, mlazeni, miguu juu. Msimsimamishe."

Semisi akacheka. Akasema naye aliwahi kuzimia uwanjani, na kuzimia kwake ndiko kwa kiume: alianguka akikimbia na mpira, bila giza wala jasho, akashtukia yuko chini. Alituficha, asije akaachwa kwenye timu.

Fusi akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama kuna ndugu yetu aliyekufa ghafla akiwa kijana.

"Kaka yangu Tevita," nikasema. "Alianguka akikimbia. Tulisema ni pepo."

Kisha nikamgeukia Semisi.

"Anayezimia akikimbia, au bila dalili yoyote, lazima moyo wake upimwe," Fusi akasema. "Mpeleke hospitali leo hii. Na asikimbie hata hatua moja."

Hospitalini walikuta mapigo ya moyo wa Semisi yana hitilafu. Sasa anakunywa dawa kila siku. Kalolaine naye haendi kwaya kabla ya kula muhogo na kunywa maji, na amerudi kuimba mstari wa mbele.

Semisi ameachishwa raga, na ananinunia. Acha aninunie. Mama yangu angetoa chochote Tevita amnunie hivi.