Nilirekodi Siri ya Mama wa Rafiki Yangu

Ndugu wasomaji, nina miaka thelathini na moja, naitwa Consolata, naishi Gikondo hapa Kigali. Nilikulia Bujumbura, na Kiswahili ndicho kinachonilisha: naandika tafsiri zinazopita chini ya filamu. Nimemuumiza mama aliyenipokea kama mwanawe... na sijui nitaubeba vipi mzigo huu!

Jeannine nilisoma naye tangu utoto. Alikuwa anatengeneza filamu juu ya maisha ya mama yake, akaniomba nifanye tafsiri. Furaha niliyokuwa nayo!

Alinitumia filamu ikiwa imefungwa. Ilifunguka kwenye kompyuta yangu tu, kwa ufunguo uliokuja kupitia mtandao, na baada ya wiki ufunguo huo ungekufa. Ukijaribu kuinakili, kioo kinakuwa cheusi. Jeannine alinieleza sababu. Ndani yake mama alimtaja mtoto aliyemzaa usichanani, kabla ya ndoa, akamwacha kwa watu. Alisimulia kamera ikiwaka, kisha akasihi kipande hicho kikatwe. Kilikuwa bado hakijakatwa.

"Conso, usionyeshe mtu," alisema. Nikaapa.

Kumbe kiapo changu kilikuwa chepesi kiasi gani...

Mchumba wangu Thierry anafanya kazi ofisini Kacyiru. Alizoea kuniambia kazi yangu ni mchezo wa watoto. Nilitamani aone jina langu mwishoni mwa filamu! Alikuwa safarini, basi nikasimamisha simu mbele ya kompyuta nikarekodi yote, mwanzo hadi mwisho. Nikamtumia na kumwambia akishaona afute. Akakubali.

Hakufuta! Alimtumia mwenzake wa ofisini, yule naye akawarushia wengine, hadi ikafika kanisani kwetu. Jumapili iliyofuata wanakwaya walikuwa wakinong'onezana. Maman, mama yake Jeannine, ambaye sauti yake ndiyo iliyoongoza kwaya ile, alitoka kanisani kabla ya komunyo, kitenge kimemfunika uso.

Jeannine aliniita kwake Kimihurura. Aliniuliza taratibu, bila hasira:

"Conso, iko mtu ulimuonyesha?"

Nikasema hapana. Shetani gani alinishika ulimi? Tena nikaongeza: "Labda ni Fabrice, yule anayekutengenezea sauti ya filamu. Unajua vile anapenda kujionyesha..."

Aliniacha nimalize. Halafu akasema: "Kila kopi iko na alama yake ndani ya picha. Macho haiioni, na hata ukirekodi na simu, inabaki. Hii watu wanatumiana ni ya kwako. Nimejua tangu jana. Nilikuita ili uniambie wewe mwenyewe."

Mana yanjye, Mungu wangu! Nilipiga magoti, nikalia, nikamtaja Thierry. Jeannine alifungua mlango akasubiri nitoke.

Thierry aliona nakuza mambo, eti ni video tu. Tuliachana. Lakini nimlaumu vipi, wakati aliyerekodi ni mimi?

Nilikwenda kumwomba radhi Maman. Alinipa kiti, akanimiminia chai.

"Ile siri nilipatia binti yangu," alisema. "Wewe, nani alikupatia?"

Heri angenifukuza!

Hajarudi kwenye kwaya. Jeannine ameiacha filamu, kazi yake ya miaka mingi, na simu zangu hapokei. Fabrice nilimwendea nikamwambia nilivyomsingizia; akaendelea na kazi yake.

Ndugu zangu, mkipewa filamu au wimbo uliofungwa, msitafute pa kupenyea, na msidanganywe na neno "ni mtu mmoja tu". Hamjui mwenyewe aliogopa nini alipoufunga. Na kama tayari mmekosa, basi mkiulizwa semeni! Mimi rafiki yangu alinipa nafasi ya kusema kweli, akiwa tayari anaijua kweli yenyewe... nikamtazama machoni, nikamdanganya.