Miche ya Mikoko Darasani

Darasa la chekechea la kijiji cha Bodo lilikuwa na kuta tupu. Kila asubuhi Kheri, mtoto wa Twaiba, alishika mlango akalia.

"Humu hamna kitu," alisema.

Mwalimu Mwanarusi alimbembeleza bila kuchoka. Lakini Twaiba alikwisha kusema, "Akizidi kulia, nitamweka nyumbani mpaka mwakani."

Mwalimu akawaza. Watoto hawa wamekulia kando ya mikoko. Basi maji yalipokupwa, alikwenda ufuoni. Aling'oa miche michanga ya mikoko, akaipanda kwenye makopo darasani. Mmoja ulikuwa na kitambaa chekundu. Alidhani ni takataka za bahari.

Asubuhi iliyofuata Kheri aliingia mwenyewe. Akakishika kile kitambaa.

"Mwalimu, huu ni wa mama. Tuliupanda sote."

Majani yalikuwa yamelegea. Kheri akatoka nje akilia.

Jioni Mwanarusi alibeba makopo kwenye beseni mpaka kwa Twaiba. Hakuweza kuinua uso.

"Hodi."

"Karibu, mwalimu."

Mwanaima, mama mkwe wa Twaiba, akacheka. "Siku hizi mwalimu analima bahari?"

"Mama, mwache apumzike kwanza," alisema Twaiba. Akatandika mkeka, akamletea maji ya kunywa. Maji yale yalimliza mwalimu kuliko matusi.

"Nimeng'oa jasho lenu," alisema. "Naona aibu hata kukutazama."

"Hukujua. Sisi akina mama ndio tunaopanda pale, na kitambaa ni alama yetu. Mche ukiung'oa, mizizi hukatika. Usichukue kinachoishi. Okota mbegu zile ndefu zilizoanguka. Zichomeke wima kwenye makopo yenye matope ya ufuoni, matope yasikauke. Zikitoa majani, watoto wazirudishe pwani wenyewe."

"Na darasa?"

"Fungua madirisha. Tandika mikeka. Kila mtoto awe na kopo lake la kutunza. Na makombe matupu ya chaza yapo tele ufuoni, wahesabie hayo."

Jumamosi mwalimu aliungana na akina mama, akapanda miche mingine pale alipong'oa. Hakuna aliyemsema. Mwanaima mwenyewe alimshika mkono asiteleze matopeni.

Watoto wakaokota mbegu, kila mmoja na kopo lake. Majani yakachipua.

Sasa saa sita mchana Twaiba husimama mlangoni kumchukua mwanawe.

"Twende, baba."

"Ngoja, mama," husema Kheri. "Mche wangu haujanywa maji."