Mwalimu Asiyechapa Mtoto

Jua lilikuwa linazama Fundi alipofikisha sketi sita za sare kwenye duka la madaftari. Mtaa mzima ulimwita mama huyo hivyo, Fundi, kwa sababu cherehani yake haikujua kupumzika. Alikuwa anamngoja mwenye duka akague pindo alipoona karatasi imebandikwa ukutani.

MWALIMU WA HISABATI. NAFUNDISHA NYUMBANI. SIMCHAPI MTOTO.

Akaisoma mara mbili. Binti yake wa pekee, waliyembandika jina la Chiriku kwa vile mdomo wake haukuwa na breki, alikuwa amebakiza wiki sita afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hesabu zilikuwa zinampiga chenga. Mwalimu wa kwanza wa tuisheni alikuwa kijana wa chuo aliyekodolea macho simu kuliko daftari. Wa pili alimrudisha mtoto mapaja yamevimba kwa fimbo. Siku hiyo Fundi alikwenda kumtolea maneno ambayo hayaandikiki.

"Huyu anapatikana wapi?" akauliza.

Mwenye duka akainua miwani. "Mimi sijaibandika hiyo, Fundi."

"Anapatikana hapa."

Sauti ilitoka nyuma yake. Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alinuka chaki iliyolowa maji, na chini ya chaki palikuwa na harufu nyingine... kama ya chuma kilichoshikwa na mkono wenye jasho.

"Kweli huchapi?"

"Mtoto wako sitamgusa hata kwa ukucha."

"Na akikosea?"

"Hesabu ikikosewa lazima mtu aumie, mzazi. Ndipo inapokaa kichwani."

Fundi akacheka. Alikuwa amechoka, anataka kurudi nyumbani. "Basi nichape mimi, mwalimu, mwanangu umwache."

Yule mtu hakucheka.

"Umesema wewe," akanong'ona.

Kesho yake saa kumi na moja jioni alibisha hodi. Hakuna aliyekuwa amemwelekeza nyumba. Fundi, katika furaha ya kupata mwalimu, hilo hakuliwaza. Akawaachia sebule, akashusha pazia, akarudi barazani kwenye cherehani yake.

"Saba mara nane?" ilisikika sauti ya mwalimu.

"Hamsini na nne!" Chiriku akajibu kwa kujiamini.

Fwaap!

Fundi aliruka kwenye kiti. Kitu kilikuwa kimemkata mgongoni, kikali kama waya wa moto. Akageuka. Baraza tupu. Akajipapasa, blauzi haikuchanika, lakini vidole vilirudi na damu.

"Tisa mara sita?"

"Hamsini na... na saba?"

Fwaap!

Jioni ile alichapwa viboko kumi na vitatu. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alipomsaidia kuvua blauzi alishika mdomo.

"Dada! Nani kakufanya hivi?"

"Punguza sauti. Mtoto asisikie."

"Huyo mtu asirudi hapa."

"Zoezi la mwisho leo Chiriku amepata kumi na saba kwa ishirini. Hajawahi kupata hata kumi."

Mdogo wake akamtazama kama mtu asiyemjua.

Fundi alijikaza kisabuni. Alishona akiwa ameuma kitambaa, ili kilio chake kisivuke pazia. Wiki ya kwanza ilikuwa ya damu. Ya pili, viboko vitano kwa siku, ya tatu viwili. Chiriku alikuwa anaimba hesabu mpaka bafuni, na mama yake, mgongo ukiwa kidonda kitupu, alilala kifudifudi akitabasamu gizani. Alijiambia kwamba lililobaki ni dogo.

Wiki ya sita mwalimu aliingia bila salamu. Harufu ya chuma ilikuwa imeshinda ya chaki.

"Leo ni maswali ya mwisho," alisema. "Ya mwisho yana adhabu yake."

Fundi alitaka kuuliza adhabu gani. Pazia likashuka.

"Robo tatu ya mia mbili na arobaini?"

Chiriku alikawia. Fundi alishika ukingo wa cherehani. *Mia na themanini, mwanangu. Sema mia na themanini.*

"Mia na... sitini."

Ka!

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa Fundi kilipinda kinyumenyume, polepole, kama kinavutwa na mkono usioonekana, kisha mfupa ukavunjika na kutoboa ngozi. Safari hii kitambaa hakikutosha. Alipiga yowe lililowatoa watoto wa majirani nje barabarani.

Chiriku akatoka mbio. Akaona mkono. Akaona damu iliyopenya blauzi, mistari kwa mistari, na mtoto mwenye akili hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Ni mimi?" akanong'ona. "Mama, ni mimi ninayekuumiza?"

Mwalimu alitokea mlangoni. "Bado maswali manne."

Fundi alinyakua mkasi wa kukatia vitambaa kwa mkono wa kushoto, akamchoma kifuani mpaka vipini vikagota. Haikutoka damu. Ulitoka unga mweupe, ukamwagika sakafuni taratibu. Mdogo wake alitoka jikoni na mchi, akampiga begani. Bega likatumbukia ndani kama boga bovu. Mtu yule hakupepesa hata jicho.

"Theluthi mbili ya mia tatu na sita?"

Chiriku alikuwa analia, machozi na makamasi yamechanganyika. "Mia... mia mbili na..."

"Jibu."

"Mia mbili na sita!"

Ka! Ka!

Vidole viwili kwa pamoja. Fundi akaanguka magotini, ulimwengu ukimzunguka.

"Mwalimu!" Chiriku alipaza sauti. "Na mimi nina swali."

Mtu yule akasita. Kichwa kikainama upande. "Mwanafunzi mzuri huuliza."

"Mimi naitwa nani?"

Wiki sita mwalimu alikuwa amemwita mwanafunzi. Hakuwahi kumuuliza jina, wala kulitazama kwenye jalada la daftari. Midomo ya mwalimu ikafunguka, ikafumba.

"Wewe... ni mwanafunzi."

FWAAP!

Safari hii aliyekosea ni mwalimu, na shavu lake mwenyewe lilipasuka kutoka sikioni hadi kidevuni. Kwa mara ya kwanza macho yake yaliingia hofu.

"Na uliyemfundisha kabla yangu? Anaitwa nani?"

FWAAP!

"Na wa kabla yake? Na wa kabla yake? Na wa kabla yake?"

Viboko vikashuka kama mvua ya mawe. Havikuwa vya mkono mmoja. Vilitoka kila upande, vingine vya chini, vya kimo cha mtoto. Vidole vyake vilivunjika kimoja kimoja, ka, ka, ka, magoti yakageuka nyuma, taya likadondoka. Alijikokota nje kwa viwiko huku akilia sauti nyembamba isiyo yake. Hakuna jirani aliyesema amemwona akipita. Barazani ulibaki unga wa chaki, na ndani yake meno madogo ya utotoni, mengi kuliko kinywa kimoja.

Mwenye duka aliuliza habari za mtu yule huku na huku. Alichopata ni hiki tu: kwenye mtaa wa ng'ambo, miaka mingi nyuma, mama mmoja alikutwa amekufa jikoni kwake, hana mfupa mzima, mlango umefungwa kwa ndani. Mwanawe alifaulu, akawa wa kwanza.

Vidole vya Fundi vilipona vikiwa vimepinda, na cherehani akamwachia mdogo wake. Chiriku alifanya mtihani na kurudisha karatasi tupu. Mwalimu wa darasa alisema mtoto ana hitilafu. Nyumbani, kila anachoulizwa, hata leo ni siku gani, hata ameshiba au bado, anamtazama mama yake kwanza, kisha anajibu neno moja tu.

Jioni moja walipokuwa wanakula, mama yake mdogo alimkumbatia, akitaka kumchangamsha.

"Hebu niambie. Unampenda mama yako?"

Chiriku aliutazama mkono wa mama yake, vidole vilivyopinda.

"Sijui," akasema.