Jicho Lililolipiwa

Ilianza kwa fomu moja kulowa. Karani wa bima, pale hospitali ya macho, alifika kazini asubuhi, akavuta droo, akakuta fomu ya juu inachuruzika maji na za chini yake kavu kabisa. Akatazama dari: haivuji. Akaisogeza puani. Harufu ya nguo iliyofungiwa mbichi siku tatu.

"Mfagizi huyu ataniua," akasema, akaianika dirishani.

Sasa ijueni kazi yake, maana shari ilipitia humo. Mtu akija macho yanamwasha, muuguzi humwekea kikaratasi chembamba chini ya kope, kinywe machozi, waone kama ni mzio. Kila jicho na kikaratasi chake, na kila jicho na namba yake kwenye fomu. Karani ndiye mwenye kuandika namba, bima wakalipa. Lakini fomu ya jicho moja haikukosa kurudishwa na maswali kibao. Basi mama wa watu akajitafutia njia ya mkato: kila fomu anajaza macho mawili, anabadilisha jina tu.

Wiki iliyopita alikuja mzee asiye na jicho la kushoto, shimo tu lililofumba tangu utotoni. Akapimwa lile moja. Karani, mkono umeshazoea, akaandika mawili. Bima wakalipa.

Na fomu iliyolowa ilikuwa ya mzee huyo.

Kesho yake akaanza kusikia tone. Tone. Chini ya meza, akiinama hamna kitu. Siku ya tatu bintiye wa miaka saba akaamka jicho la kushoto linatiririka. Wakampima mzio, hana. Dawa za matone, wapi. Kufika Ijumaa jicho limeingia weupe kama maziwa, na mtoto ananong'ona, "Mama, kuna mtu anachungulia. Yuko ndani."

Karani hakuaga mtu kazini. Alikwenda mpaka kwa yule mzee na fomu mkononi. Mzee alipoiona akasogeza kiti nyuma.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimekosea tu, baba. Namba moja."

"Humu mlikuwa na mwenyewe," mzee akasema kwa sauti ya chini, akigusa lile shimo. "Jini. Alinila jicho nikiwa mdogo. Mama yangu akahangaika mpaka akapata wa kumfungia humu humu, kwa sharti moja: asihesabiwe kuwa jicho. Tangu wiki ile naona humu mna wepesi."

"Yuko kwa mwanangu."

"Kaufuata mkono uliomwandika. Kahesabiwa, kalipiwa, anataka pa kukaa."

"Nikimfuta je?"

"Jaribu, mwanangu. Jaribu upesi."

Akawapigia bima pale pale, akiwa amesimama mlangoni kwa mzee.

"Dada, dai hilo limeshafungwa," akajibiwa. "Wenzio hulia hawajalipwa, wewe unalia umelipwa?"

"Jicho hilo halipo, kaka yangu. Nakuapia."

"Kwetu lipo."

Mchana ule akamchukua mtoto mpaka ofisini, akafunga mlango, akampakata, na nje wagonjwa wanaitwa kwa majina kama siku zote, na tone likaanza, si chini ya meza tena bali kwenye shavu la mwanawe, na ile harufu ya ubichi ikajaa chumba mpaka akaonja ulimini, na mtoto akafungua kinywa, sauti ikatoka, na haikuwa ya mtoto, wala haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyengoja miaka mingi na sasa hana haraka.

"Umeniandika. Nionyeshe pangu."

"Si hapa," karani akasema. "Kwa huyu mtoto hujaandikiwa."

"Niandikwe wapi?"

Akachukua fomu mpya. Akaandika jina lake mwenyewe. Kipimo cha mzio, jicho la kushoto. Akatoa kikaratasi, akakinywesha machozi ya mwanawe, akavuta kope lake mwenyewe la chini na kukipachika pale. Kikauma kama pilipili. Hakukitoa.

Mtoto akapepesa. Weupe ukayeyuka kama ukungu juu ya kioo.

"Mama, nakuona," akasema kwa sauti yake.

Karani akamkumbatia, akalia. Lakini machozi yalitoka jicho moja tu.

Siku hizi, akijilaza mchana, jicho lake la kulia hufumba. La kushoto halifumbi. Mama anakoroma, nalo liko wazi, limelowa. Mtoto akipita, linageuka. Akihamia pembe ya pili ya chumba, linamfuata polepole mpaka pembe ya pili.

Juzi akajikaza, akasogea karibu mpaka akaipata ile harufu.

"Mimi si wako," akalinong'oneza. "Mama kakuandika kwake."

Likamtazama kitambo kirefu. Kisha likampepesea, mara moja, kama mtu anayesikiliza porojo za mtoto.